Kupiga Picha Safari Classic: Siku Moja Kando ya Mkondo

Karibuni, watazamaji. Leo tunapanga siku nzima ya kupiga picha East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003 kufuata nyayo za Safari Rally ya 1953. Tuchukue mfano wa barabara ya udongo mwekundu kule Taita, Kenya, mwezi wa Disemba. Mkondoni, yaani kwenye kipande cha barabara kilichofungwa ambako magari hushindania muda, kila gari linapita mbele yako mara moja tu. Likija kwa kilomita 80 kwa saa, linamaliza mita 60 kabla hujahesabu tatu. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua pa kusimama. Kamera inafuata baadaye.

Tuanze na mfuko. Ukiweza, beba kamera mbili: moja ina lenzi ndefu ya milimita 70–200, nyingine fupi ya 24–70. Si anasa. Ukibadilisha lenzi kando ya barabara hii, vumbi linaingia moja kwa moja hadi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Mwenye kamera moja afunge 70–200 akiwa bado ndani ya gari, madirisha yamepandishwa, na aiache hapo hadi mkondo uishe. Ongeza betri tatu, kadi mbili, kichujio cha polaraiza, kipulizio cha mkono cha mpira, brashi laini, mfuko wa plastiki wa kufunika kamera, na lita tatu za maji ya kunywa.

Sasa mahali. Fika muda wa saa mbili kabla ya gari la kwanza kupita, maana barabara hufungwa na boda boda haitakusaidia tena. Angalia picha hii tuliyochora. Barabara inatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Disemba ni msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, basi simama upande huo ili vumbi lisukumwe mbali nawe. Ukisimama upande wa pili, gari la kwanza utalipata, la pili utapiga ukungu mwekundu. Dondosha mchanga kidogo kutoka mkononi uone unakoelekea. Vilima hugeuza upepo, usiamini kalenda peke yake.

Upande huohuo unakupa zawadi ya pili. Asubuhi jua linatokea mashariki, likiegemea kusini kidogo, kwa hiyo linaangaza ubavu wa gari vizuri. Jioni limehamia kusini-magharibi, nyuma ya gari, na lile vumbi ulilokuwa ukilikimbia linawaka kama moto. Sehemu moja, picha za aina mbili. Ndiyo maana tunashauri mkondo mmoja asubuhi na mmoja jioni. Anayekimbilia mikondo mitatu kwa siku anarudi na picha za magari yaliyoegeshwa.

Usalama hauna mjadala. Usisimame upande wa nje wa kona: gari likishindwa kukata, huko ndiko linakoelekea. Upande wa ndani nao si salama ukiwa umegusa ukingo, madereva hukata kona kwa ndani na magurudumu hurusha mawe. Tafuta kingo iliyoinuka, rudi nyuma mita 20 au zaidi, na uwe na njia ya kukimbilia nyuma yako. Usikae chini. Usigeuzie barabara mgongo hata kati ya magari. Yanaachana kwa dakika moja au mbili, lakini aliyepata pancha huko nyuma anaweza kutokea wakati wowote. Ukisikia filimbi ya marshali, yaani msimamizi wa mkondo, shika kamera na utulie. Marshali akikwambia hama, hama.

Tupange kamera. Weka hali ya manual (M), yaani wewe mwenyewe uamue mwanga, kwa sababu gari jeupe au wingu la vumbi linadanganya kipimo na picha inatoka nyeusi. Jua likiwa kali: ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya 1/800 ya sekunde. Fokasi iwe ya kufuatilia bila kukoma, na uihamishie kwenye kitufe cha nyuma cha dole gumba. Mizani ya rangi iweke kwenye jua, kama Kelvin 5,400. Ukiiacha ijiamulie, kamera inaona wekundu wa udongo ni kosa, inaufuta, na Taita inageuka kijivu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Tazama picha hizi mbili za Datsun 240Z. Ya kushoto ni 1/1000: rimu zinaonekana kila bolti, gari limesimama kabisa. Kwa kasi ile ya kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 11 kwa sekunde, na ndani ya 1/1000 linageuka nyuzi nne tu. Ya kulia ni 1/125: limegeuka nyuzi zaidi ya 30, rimu zimekuwa duara la moshi na vichaka vya nyuma vimevutika. Gari hilohilo, sasa linakimbia.

Ili kuipata ile ya kulia, panda miguu ikielekea pale utakapobonyeza, si pale gari linapotokea. Kisha jipinde kiuno kulifuata gari kutoka mbali, bonyeza likiwa mkabala nawe, na uendelee kufuatisha hata baada ya kuachia kidole. Wanaosimamisha mikono wanapobonyeza ndio wanaopata ukungu. Anza na 1/250, ukizoea shuka 1/125. Usitarajie kila fremu iwe safi. Ukipata moja kali katika kumi, umefanya vizuri.

Tatizo ni kwamba kwa 1/125 kwenye jua kali unalazimika kufunga tundu hadi f/14, na hapo kila chembe ya vumbi kwenye sensa inaonekana kama doa angani. Polaraiza inakula karibu stopu mbili, yaani robo tatu ya mwanga, unarudi f/7.1. Tena inapunguza mng'ao wa kioo cha mbele, unamwona dereva na mwelekezi wake akisoma daftari.

Kila gari lina tabia yake, ijue. Ford Escort injini iko mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Linaingia konani likiwa kiubavu, basi lipige mapema, kabla ya katikati ya kona. Porsche 911 injini iko nyuma, linakaa chini kwa mkia na kuinua pua linapotoka konani. Lisubiri pale. Porsche haikuwahi kushinda Safari ya zamani, lakini dereva wa Uswidi Björn Waldegård alishinda Classic nayo 2011. Datsun 240Z ilishinda Safari 1971 na 1973. Boneti yake ndefu inapendeza zaidi ikipigwa kutoka robo ya mbele.

Kuanzia saa nne hadi saa tisa, weka lenzi ndefu chini. Joto linafanya hewa icheze juu ya ardhi na hakuna mpangilio wa kamera unaoliponya hilo. Nenda sevisi, pale mafundi wanapotengeneza magari. Omba ruhusa kwanza, usiruke vifaa, usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki. Tumia 24–70 kwa f/2.8 au f/4 na utafute vitu vidogo: shokamzoba inayovuja mafuta, raba ya kuzuia tope iliyochanika, mkono wa fundi ukikaza nati. Fundi mkarimu akikupa hewa ya kompresa usafishe kamera, mshukuru na ukatae. Ile hewa ina maji na mafuta.

Lenzi ikichafuka usiifute kwa fulana, utakuwa unaisugua kwa mchanga. Pulizia, piga brashi, kitambaa mwisho.

Jioni, piga fremu moja ya orodha ya magari na namba zake ili maelezo yasikupotee, nakili kadi sehemu mbili, kisha elekeza kamera kwenye anga tupu kwa f/16. Ukiona madoa, pulizia sensa huku kamera ikitazama chini, ndani ya chumba, feni ikiwa imezimwa. Doa likigoma baada ya mara tatu, mpelekee fundi wa kamera. Usiliguse kwa pamba.