Halua ni ipi?

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie neno halua, na naona waliokuja wakidhani litaandamana na sinia. Sinia halipo.

Neno tumelitoa Kiarabu, na asili yake ni utamu tu. Kwa hiyo kila lilikofika limepewa chakula chake. India kuna halua ya suji na ya karoti. Uturuki kuna ya ufuta uliosagwa, na ile ya suji hupikwa hata kwenye msiba. Wagiriki huila wakati wa Kwaresima, maana haina maziwa wala mayai.

Huku mwambao neno limejibana. Mwambie mtu wa Wete au wa Mombasa kwamba umemletea halua, kisha umfungulie kashata, uone atakavyokutazama! Kashata ni kashata, visheti ni visheti, kaimati ni kaimati. Halua ni ile ya wanga, sukari, samli na iliki, yenye lozi au korosho. Ya Maskati ni hiyohiyo, wala si ajabu: Oman na Zanzibar zilikuwa chini ya mtawala mmoja, Sayyid Said, hadi alipofariki mwaka 1856, na jamaa wa pande mbili hawajaacha kutembeleana.

Aliyewahi kuusimamia moto wake anajua kwa nini jina hili halitolewi ovyo. Wanga ukishamiminwa kwenye shira, mwiko haupumziki. Samli hutiwa kidogo kidogo. Mwanzo yote humezwa. Mwishowe halua huikataa, samli ikachuruzika pembeni na donge zima likabanduka sufuriani. Hapo imeiva. Ikiepuliwa kabla ya hapo ni uji, na mimi uji siuiti halua hata ukitiwa zafarani.

Matumizi yake mnayajua: Idi, nikaha, mgeni wa heshima. Humegwa kwa vidole, kipande kidogo, kisha funda la kahawa chungu. Anayejaza sahani tunamjua ni mgeni wa mji.

Wengine huandika haluwa; sigombani nao. Ninachokishikilia ni hesabu yake. "Halua mbili" kwangu ni aina mbili, labda nyeusi na ya zafarani. Ukitaka ya kwenda nayo nyumbani, sema kilo, au sema kipande.

Haya, maswali.