Kupima sukari nyumbani: nawa kwanza, tafadhali!

Karibuni tena dukani kwangu, Mbagala. Leo tunapima sukari. Mashine ndiyo hii, naziuza, sifichi, ila hata kama yako umeinunua Kariakoo, kazi ni ile ile.

Sijala tangu jana saa tatu usiku, maji tu. Kipimo cha kabla ya kula kinataka masaa 8 au zaidi.

Nanawa kwa sabuni, nakausha. Usiruke hapa! Msimu wa maembe nilimenya dodo, nikajifuta kwenye kanga, nikapima: 19.4. Jamani, nilikaa chini, nikampigia dada simu ya kuagana. Nikanawa, nikarudia: 6.3. Kumbe nilipima embe! Na sanitaiza haitoshi, sukari ya tunda inabaki kidoleni. Maji na sabuni. Nimesema.

Chomoa stripu moja, yaani kijikaratasi kigumu cha kupokea damu, funga kopo hapo hapo, maana unyevu wa Dar unaziharibu. Chomeka, inawaka yenyewe.

Kisindano kipya, na hata mumeo usimwazime. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, katikati panauma. Mimi napenda kidole cha pete, ndicho kivivu kuliko vyote. Usikamue kwa nguvu. Gusisha ncha ya stripu kwenye tone, inanyonya…

Aa, imegoma! Zuhura, usikate video, waache waone. Damu ilikuwa kidogo. Hapo usiongezee tone juu, stripu hiyo imekufa, na hela yake imekwenda. Nanawa tena, nashusha mkono, naupungapunga, stripu mpya… Haya: 5.4.

Yangu inahesabu kwa milimoli. Yako ikiandika 97 usizimie, hiyo inahesabu kwa miligramu. Gawa kwa 18, ni 5.4 ile ile.

Ukiona 7 na kuendelea hujala, nenda hospitali wakutoe damu ya mshipa, ipimwe maabara. Mashine yangu haimtangazii mtu kisukari. Na kama huna dalili yoyote, kipimo kinarudiwa siku nyingine. Ambao tayari wanacho, wengi hulenga 4 hadi 7 kabla ya kula, ila mfuate daktari wako. Ikishuka chini ya 4, jasho linatoka, mikono inatetemeka: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Na kabla ya kupima?

Eeh, nawa!

Kisindano kinaingia kwenye chupa hii ngumu. Zuhura, zima simu, chapati yangu inapoa.