Kipunji anaongezeka au anapungua? Kupiga hesabu daftari likiwa na mapengo

Karibuni. Leo tuna kipunji, kima wetu wa Rungwe, Kitulo na Ndundulu kule Udzungwa, aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005 tu. Tunatafuta mwenendo wa idadi yake. Daftari la kuhesabia lina mapengo, yaani miaka ambayo njia fulani ya kuhesabia haikutembewa, maana ukungu wa Rungwe ukishuka hata mti wa mbele huuoni.

Fungua Excel, weka safu nne: njia, mwaka, kilomita zilizotembewa, makundi yaliyoonekana. Makundi, si kima mmoja mmoja. Juu kule unaona mikia mitatu, kumbe kundi zima limejificha.

Hapa twende taratibu. Mmetembea, hamkuona kitu: andika 0. Hamkwenda kabisa: acha seli wazi. Wazi, jamani! Usiweke kistari, wala neno “ukungu”. Programu ya takwimu ya R ikikuta neno moja tu, safu nzima inaigeuza maandishi. Sababu ziandikwe safu ya tano.

Subirini, kioo kinang’aa, namba hazionekani... Haya, sasa mnaona.

Tuseme kila njia imetembewa kilomita zilezile. Mwaka wa kwanza njia A ina makundi 12, B 6, C 20, jumla 38. Mwaka wa pili A 10, C 18, B haikufikika. Ukiijaza B sifuri unapata 28, utatangaza wamepungua asilimia 26. Si kweli! Linganisha A na C pekee: 32 zimekuwa 28, yaani 0.875. Zidisha kwa 6 ya B, unapata 5.25. Usiikadirishe iwe 5. Jumla 33.25, upungufu ni asilimia 12.5.

Njia zikiwa nyingi, iachie R: tumia glm (amri ya kutafuta mwenendo), familia quasipoisson (kanuni ya idadi inayoruhusu mtawanyiko mkubwa kuliko poisson ya kawaida), njia na mwaka vyote viwe factor (majina ya aina, si namba za kujumlisha), na logi ya kilomita iingie kama offset (ya kusawazisha umbali uliotembewa). Mimi naipenda quasipoisson kuliko poisson, kwa sababu makundi hayajatawanyika sawasawa na poisson itakupa uhakika wa uongo. Kwenye pengo jaza kilomita za kawaida za njia hiyo, makundi yabaki wazi. Bila kilomita, predict, amri ya R ya kukadiria, haitakupa kadirio.

Ila hesabu hii inadai pengo lisihusiane na kima wenyewe. Kama B iliachwa kwa sababu msitu wake umekatwa, usiikadirie kutoka A na C. Irudieni kwa miguu.

Na njia yenye 0 miaka yote? Itoe kabla ya kuendesha glm, haisemi lolote kuhusu mwenendo. Daftarini ibaki.

Seli wazi si sifuri. Kagua tena kabla hujabonyeza.