Huo Ni Mzinga, Si Kifaru

Ndugu zangu, kabla sijaanza: huo mzinga kwenye picha ukutani si kifaru cha vita. Nimelisema hili mpaka mke wangu amelikariri. Una minyororo, una mtutu mrefu, sawa. Hata ng'ombe na nyati wote wana pembe. Huo ni mzinga unaojiendesha, PzH 2000 wa Ujerumani, milimita 155. Chuma chake kinazuia risasi na vipande vya makombora, basi. Ukiutuma ukakutane uso kwa uso na kifaru, umewachimbia vijana wako kaburi. Wenyewe hupiga usichokiona, kilomita 30 na zaidi.

Mnauliza nguvu yake ni nini. Kuondoka! Kupiga, hata mzinga wa kukokotwa na lori unapiga, tena vizuri. Lakini kombora la kilo arobaini na kitu, likirushwa mbali hivyo, hukaa hewani zaidi ya dakika moja. Rada ya adui inalinasa likiwa bado linapanda, inakokotoa lilikotoka, na majibu yanakuja. Chukua Caesar wa Wafaransa, mzinga uliopandishwa juu ya lori. Unasimama, unashusha jembe la nyuma lishike ardhi, unapiga, unanyanyua jembe, huyoo. Majibu yakifika yanakuta alama za matairi.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema moyoni: basi tununue hiyo, tulale. Subiri kwanza. Rada inakokotoa ulipokuwa. Droni inakufuata unakokwenda. Huko Ukraine, droni za Kirusi aina ya Lancet, zile za kujilipua, zimewinda mizinga ya namna hii hasa, na ukikimbia unatimua vumbi, unajitangaza. Kwa hiyo PzH 2000, gari la tani 55, injini ya nguvu ya farasi karibu 1,000, linashinda limezimwa chini ya miti, limezungushiwa nyavu za waya kama banda la kuku. Na msicheke, kuna Lancet zilizonasa kwenye nyavu hizo.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Haya, mitutu, harakaharaka: inachakaa. PzH 2000 ilifika Ukraine Juni 2022. Julai Ujerumani ikakiri kwamba baadhi zinaonyesha hitilafu kwa kupiga mfululizo. Karakana? Lithuania! Mzinga unatolewa vitani, unavushwa Poland yote, ukatengenezwe. Makombora yenyewe sijayagusa, na ndiyo niliyoitiwa.