Mbungo Hutaka Mti wa Kuuparamia

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Hiki nilichoshika mkononi, waliokulia Kwale na Kilifi, au wenye jamaa Pemba, wamekwisha kukitambua kabla sijakitaja. Ni duara, kimo cha chungwa, ganda gumu la manjano iliyokolea. Ni bungo. Ukilipasua utakuta kokwa zimevikwa nyama teketeke yenye rangi ya chungwa, na ukiitia mdomoni uso mzima hukunjamana kwa ukali, kisha ndipo utamu ufike. Mabungo huyaroweka, ukayavuruga kwa mwiko mpaka nyama iachane na kokwa, ukachuja, ukatia sukari. Siku ya jua la kaskazi, mgeni akija mlangoni kwangu, sina cha kumpa kinachoshinda gilasi ya maji ya bungo.

Mzazi wa tunda hili ni mbungo. Wataalamu wa mimea huuita Saba comorensis, yaani wa Komoro, lakini haukuishia huko visiwani. Ni mtambaazi wa mwambao wetu na wa sehemu nyingi za Afrika, wa misitu na kingo za mito. Hudumu miaka na miaka, majani yake ni mazito yanayong'aa, na maua yake ni meupe yenye koo la manjano. Harufu ya maua hayo jioni, wallahi, anayeuza asumini Mji wa Kale angegeuka kuangalia yatoka wapi.

Sasa tembeeni Mombasa hii, tangu Kizingo hadi Nyali, mvuke feri mfike kwetu Likoni, mtazame kuta na mageti. Bogenvilia. Naipenda bogenvilia, ninayo, na wala sikuja kuwaambia muing'oe. Lakini asili yake ni Brazili, na haitupi hata tunda moja. Huu wa kwetu tumeuachia vichaka, na vichaka vyenyewe kila mwaka vyageuka viwanja.

Wengi waliojaribu kuupanda wameshindwa, na naamini najua kwa nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa kwanza. Tatizo si udongo wala mbolea. Tatizo ni kwamba tunauchukulia mbungo kama ua la ukutani. Mbungo si mmea wa kukingama ukutani. Umeumbwa kuparamia. Una vikono vinavyojisokota na kushika tawi, na ukipata mti mrefu hupanda mita 20 na kuzidi, na shina lake likazeeka likawa nene kuliko mkono wa mtu mzima. Wangu wa kwanza niliuelekeza kwenye mpera alioupanda marehemu mama. Miaka mitatu nilifurahi kuona majani yanavyoshamiri. Mwaka wa nne mpera ulikuwa umefunikwa gubigubi, hauoni jua, na msimu wa kusi upepo mmoja uliuangusha na mbungo wake juu. Mpera ule nausikitikia hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mche, tafuta mwenzi wake. Mwembe mkubwa wa kizamani wafaa. Mkwaju wafaa sana. Mti mchanga, mpapai, mpera, mlimau, hapana kabisa. Usipande chini ya shina. Nenda hatua mbili tatu, pale kivuli kinapoanza kukatika, halafu funga kamba ya makumbi kutoka kwenye mche mpaka tawi la chini, nao utaifuata. Mizizi yautaka ubaridi, kichwa chautaka mwanga. Asiye na mti mkubwa ajenge chanja la nguzo za mvinje, nene, zilizochimbiwa chini sana, kisha kila mwaka baada ya mavuno apogoe. Bila kupogoa, chanja litakwenda njia ya mpera wangu.

Mtaniuliza kuhusu ardhi yetu, maana ukichimba Mombasa jembe lagonga jiwe la matumbawe. Nendeni Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya saruji, mawe matupu, na kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alipanda mivinje juu ya mawe hayo. Majani makavu yalipoanguka hayakuoza upesi, basi wakaletwa majongoo, wakayatafuna, na udongo ukaanza kutengenezeka. Jongoo ambaye mtoto wetu humpiga teke! Basi majani mnayofagia uani kila asubuhi na kuyachoma, msiyachome. Chimba shimo la kufika gotini, toa mawe, tia samadi iliyoiva na majani, na juu yake tandaza mengine. Panda masika yakianza. Kaskazi mbili za mwanzo mwagilia, na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, mche mchanga uwekeeni maji ya mvua. Ukishakuwa mkubwa utajitafutia.

Mbegu ni jambo jepesi lenye sharti moja: usizikaushe. Ukishakunywa juisi, kokwa zioshe na uzipande siku hiyo hiyo kwenye mkebe uliotobolewa chini, kivulini. Zilizokaa dirishani hadi zikakauka, kwangu hazikuota.

Na kuna la kuwatahadharisha, na hapa naomba vijana mnisikilize. Mbungo ukiukata hutoka utomvu mweupe, unaoganda kama mpira. Mtambaazi wa ukoo wake, unaoitwa kitaalamu Landolphia kirkii, ndio uliokuwa ukitoa mpira wa biashara pwani hii katika karne ya 19, kabla mashamba ya mipira ya Asia hayajaliteka soko. Jina hilo la pili ni la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Lakini Kirk huyo huyo, alipokuwa daktari katika safari ya Livingstone mtoni Zambezi, alibeba sumu ya mishale iitwayo kombe karibu na mswaki wake. Aliposukutua alisikia uchungu, na mapigo ya moyo wake yakashuka. Kutokana na kombe ilipatikana baadaye dawa ya moyo. Na kombe yatoka kwenye mtambaazi mwingine wa pwani yetu, wa familia moja na mbungo! Kwa hiyo mtu asiingie kichakani akakata mtambaazi wowote akadhani ni mbungo, akaonja. Chukua mbegu kwenye tunda unalolijua, au kwa mtu unayemjua.

Halafu tumbili. Watakuja. Msituni wao na jamaa zao ndio wanaokula bungo na kuzitawanya mbegu, hivyo sioni haki ya kuwakasirikia. Mimi huchuma ya chini, ya juu nawaachia.

Subira nayo yahitajika. Wa pili wangu, ule ulio kwenye mkwaju, ulikaa miaka sita bila ua. Mke wangu aliniuliza mara ngapi nangoja nini. Mwaka wa saba tuliamka alfajiri tukaisikia harufu kabla hatujafungua dirisha.

Nimekuja na miche 12, iko pale mlangoni kwenye mikebe ya maziwa. Siuzi. Lakini kila anayetaka mmoja aje kwanza aniambie, uani kwake kuna mti gani.