Saraka Tupu Haina Alama: Mhadhara kwa Mafundi wa Kompyuta, Mtwara

Ndugu mafundi na makarani, mkiniona nimesimama tena mbele yenu na jambo lile lile la mwaka jana, jueni kwamba bado sijaridhika. Sitapoteza muda kueleza kwa kirefu NFS, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao. Itifaki iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984 ina umri wa kuwazaa baadhi yenu, na kila aliyemo humu amekwisha kupachika saraka ya seva kwenye kompyuta ya Linux, yaani kuifanya folda ya seva ionekane kama ya kompyuta hiyo, kwa amri moja ya mount. Ninalolalamikia ni kwamba hatuhakikishi kama imepachikwa kweli.

Msimu mmoja wa korosho niliitwa jioni katika ofisi ya chama cha msingi ambacho sitakitaja. Stakabadhi za asubuhi nzima zilikuwa zimetoweka, mnada unakaribia, na kijana wa zamu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akishutumiwa kuzifuta. Nikauliza kama umeme ulikatika. Wakasema ulikatika usiku na kurudi alfajiri. Basi, nusu ya jibu nilikuwa nimekwisha kuipata. Kompyuta ya karani iliwaka upesi, ikaita seva, lakini seva ilikuwa ingali inakagua diski zake. Na kwa kuwa fundi alikuwa ameandika nofail, yaani usikwame ikishindikana, kwenye /etc/fstab, faili yenye orodha ya vya kupachika, kompyuta iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichokosekana. Saraka ya /mnt/korosho ilikuwapo, tupu, na fundi huyo huyo alikuwa ameiacha wazi kwa kila mtu kuandika. Stakabadhi zote zikaingia kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Saa sita mchana mtu akaandika mount -a, yaani pachika vyote vya orodha ile, saraka ya seva ikakaa juu ya zile faili, nazo zikabaki chini kama sarafu zilizofunikwa na mkeka.

Mtaniuliza: karani hakuona kwamba faili za jana hazipo? Hakuona, kwa sababu programu yake hufungua faili mpya ya kila siku wala haimwonyeshi yaliyomo katika saraka. Niliandika umount ili kuibandua saraka ya seva, nikajibiwa kwamba saraka inatumika. Tukafunga programu, nikarudia, kisha nikaandika ls ili kuona yaliyobaki humo. Zikajipanga kwenye skrini, zote. Yule kijana aliitwa ndani, na sikusikia aliyemwomba radhi.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Kabla ya kupachika chochote, saraka ikiwa bado tupu, andikeni chattr +i /mnt/korosho, ili hata msimamizi mkuu wa mashine asiweze kuunda faili humo; seva ikishapachikwa juu yake, uandishi unaendelea kama kawaida. Na kila hati ya kunakili data ianze na mountpoint -q /mnt/korosho, amri inayouliza kama saraka imepachikwa kweli, ikome papo hapo jibu likiwa hapana.

Wapo watakaosema wao hupachika kwa chaguo la soft, ili kompyuta isigande seva inapopotea. Nawajua, na wengine wenu mko safu ya mbele. Kwa hard, ambayo ndiyo desturi ya Linux, programu husubiri hadi seva irudi, na hapo karani hukasirika; kwa soft, programu hupewa kosa baada ya majaribio kadhaa, na programu isiyojali kosa hilo hukuachia faili yenye pengo katikati. Mimi nachagua hasira ya karani.

Muda unaniishia, kwa hiyo la namba za watumiaji nalipitia mbio: katika mpangilio wa kawaida seva hutazama namba ya mtumiaji, haitazami jina, na mwenye namba 1000 kwenye kompyuta moja ni mwenye 1000 kwingine kote, hata kama ni watu wawili wasiofahamiana.

La mwisho ni la /etc/exports, faili ya seva inayotaja nani aruhusiwe kufanya nini. Ukiandika 192.168.1.20(rw), umempa mmoja, mwenye anwani hiyo, ruhusa ya kuandika. Ukiacha nafasi moja kabla ya mabano, huyo mmoja anabaki na masharti ya kawaida ya kusoma tu, na ruhusa ya kuandika anapewa kila anayeifikia seva. Kabla ya maswali, kila mwenye seva aifungue faili hiyo sasa hivi. Atakayeiona nafasi hiyo aifute, kisha aandike exportfs -ra ili seva iisome upya.