Vuli ya Amorgos: kisiwa kinaporudi kwa wenyewe

JUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi nipo studio, Dar es Salaam, na mwenzangu dada Mwanaidi yuko Athens, Ugiriki. Dada, shikamoo.

MWANAIDI: Marahaba, Juma mdogo wangu. Habari za huko?

JUMA: Mvua tu, dada. Tunashinda tunaruka madimbwi. Nasikia umerudi juzijuzi kutoka kisiwani.

MWANAIDI: Nimerudi Jumamosi. Nilikuwa Amorgos tangu katikati ya Septemba, na huu ni mwaka wangu wa nne. Kwa wasionijua: kazi yangu hapa ni kumtunza bibi mmoja mwenye umri wa miaka 84. Kwao ni Amorgos. Kila mwaka joto likipungua hatulii, anataka kwenda kuvuna zeituni zake. Basi tunafunga virago tunakwenda wote.

JUMA: Tuwekee ramani kidogo.

MWANAIDI: Amorgos ni kisiwa cha mashariki kabisa katika kundi la visiwa vya Cyclades. Chembamba, kirefu, milima inaanguka baharini moja kwa moja. Wakaazi wake ni kama 2,000 hivi. Kina bandari mbili, Katapola na Aegiali, na mji mkuu, Chora, uko juu mlimani, mbali na pwani, kwa sababu wazee wao waliogopa maharamia. Ukitoka Athens unapanda meli bandari ya Piraeus, unalala baharini au unashinda baharini, saa saba, nane, tisa, kulingana na meli inapitia wapi.

JUMA: Sasa hayo majira yenyewe, yanayofuata kiangazi. Sisi shuleni tulifundishwa "majira ya kupukutika majani".

MWANAIDI: Jina hilo liache kwa nchi za misitu. Amorgos utayatafuta majani yanayopukutika, utapata ya mizabibu na mitini, basi. Mzeituni haupukutishi. Wewe fikiria kisiwa ambacho tangu Mei mpaka Septemba karibu hakipati tone. Mimi nikifika naona milima imekauka, rangi ya udongo, miiba mitupu. Halafu Oktoba inanyesha mara mbili, mara tatu, na ardhi inaanza kutoa majani mabichi. Yaani kwao huu ndio wakati wa kuota, si wa kukauka. Kwa hiyo mimi nasema vuli. Vuli ile ile ya kwetu kisiwani Mafia, miezi ile ile, Oktoba mpaka Desemba, mvua ya kupandia. Na wao sasa ndio wanapanda: shayiri, na zile jamii ya kunde za manjano za kupika fava, rojo lao zito.

JUMA: Wenyewe wanaitaje?

MWANAIDI: Fthinoporo. Ni maneno mawili ya Kigiriki cha kale yaliyoungana, maana yake matunda yanafikia mwisho.

JUMA: Na watalii?

MWANAIDI: Wameondoka. Mwisho wa Septemba bado wapo wachache, wazee wa Kifaransa na fimbo zao za kutembelea milimani. Oktoba ikikatika, mikahawa ya bandarini inafungwa mmoja baada ya mwingine. Unaona wanabeba viti, wanafunika majiko kwa nailoni, wanafunga kamba. Vijana waliokuwa wanahudumia meza wanaishi kwa akiba na ile posho ya msimu wa kukosa kazi. Na kile kilima cha Chora chenye vinu vya upepo vya zamani, jioni unakipanda peke yako, unasikia kengele za mbuzi tu.

JUMA: Unyonge, eti?

MWANAIDI: Hapana, Juma, na hapa ndipo ninapotaka watu wanielewe. Kiangazi wenyeji hawana nafasi ya kusalimiana. Mtu anafanya kazi saa kumi na sita, jirani yake anamwona kwa mbali amebeba sinia. Vuli ikiingia ndipo wanapokaa. Wanahesabu nani kaolewa, nani kafa, mtoto wa nani kaenda chuo. Kwenye kafenio, ule mkahawa wa kijiji, wazee wanacheza tavli, mchezo wa kete, na ugomvi wake ni ule ule wa bao la kwetu barazani. Kisiwa kinarudi kwa wenyewe. Mimi mgeni, lakini nilikaribishwa katika hicho kipindi, na nakithamini sana.

JUMA: Ulisema mvua. Nimesikia kwamba maji huko ni shida.

MWANAIDI: Shida ya siku zote, ndiyo maana nyumba za zamani zina birika, yaani tangi la maji, chini ya sakafu. Paa lao ni bapa, limepakwa chokaa, lina mwinamo kidogo kuelekea kwenye tundu, na tundu linashuka birikani. Sasa mvua ya kwanza hawaikingi. Ile inaosha vumbi la miezi mitano na vinyesi vya njiwa. Bibi ananiambia mapema, "Pedi mu" — yaani mwanangu — "panda, ziba." Napanda na kitambaa kilichokunjwa, naziba tundu, maji yanamwagikia uani. Yeye amesimama mlangoni na bakuli jeupe la bati. Anakinga, anaangalia. Ya rangi ya chai, anamwaga. Anakinga tena. Yakiwa safi mpaka anaona ua lililochorwa chini ya bakuli, anaita, "Tora!" Sasa! Nachomoa kitambaa. Basi usiku kucha tunasikia maji yanashuka birikani, na bibi hataki nifungulie redio. Anataka kuyasikiliza.

JUMA: Ewaa. Hiyo nimeiona kabisa.

MWANAIDI: Kesho yake asubuhi utaona akina mama wametapakaa kwenye matuta na visu na mifuko. Wengine wanaokota konokono waliotoka na mvua. Hao mimi sili. Wengine wanachuma horta, mboga za porini. Zile chungu zinafanana sana na mchunga wetu. Wanazichemsha, wanazikamua, mafuta ya zeituni na limau, imekwisha. Na pweza! Nilimkuta mvuvi Katapola anambamiza pweza kwenye jiwe, paa, paa, paa, nikasimama pale nikajiona Kilindoni na mama yangu.

JUMA: Turudi kwenye meli. Uliniandikia wiki ya pili ya Novemba kwamba mmekwama.

MWANAIDI: Siku nne. Ngoja nieleze upepo kwanza, maana sisi watu wa pwani upepo tunaujua kwa majina. Wao kaskazi yao, meltemi, inavuma kiangazi, Julai na Agosti kali kabisa. Septemba inachoka. Ikichoka, bahari inatulia, maji bado yana joto, mpaka Oktoba watu wanaogelea. Kuna hata siku chache za jua wanaziita kiangazi kidogo cha Mtakatifu Dimitrios, kwa sababu sikukuu yake ni 26 Oktoba. Siku hiyo wenye mapipa wanafungua mvinyo mpya. Baada ya hapo unaanza upepo wa kusini, mzito, una unyevu, unakuja na mawimbi makubwa. Walinzi wa pwani wanatumia kipimo cha upepo cha Beaufort. Ukifika 8 au 9, kulingana na meli na mahali, wanatoa amri: hakuna kung'oa nanga. Meli ndogo zinazuiwa hata mapema zaidi.

JUMA: Na hakuna uwanja wa ndege.

MWANAIDI: Hakuna. Kuna meli kubwa kutoka Piraeus, ambazo vuli zinapungua mpaka siku chache kwa wiki, na kuna kimeli cha Skopelitis, kinachotoka Amorgos kwenda Naxos kwa kupitia visiwa vidogo zaidi kama Koufonisia, Schinoussa na Irakleia. Wenyeji wanakipenda kama mtu wa nyumbani. Amri ikitoka, vyote vimesimama. Siku ya kwanza hakuna anayejali. Siku ya pili maziwa na mtindi vimekwisha dukani. Siku ya tatu nyanya. Mimi sikuwaza nyanya, niliwaza vidonge vya bibi vya presha, ambavyo vilikuwa vinakuja kwa meli ile ile. Nilihesabu, vimebaki viwili. Usiku ule sikulala. Kisiwa hakina hospitali, kina kituo cha afya. Mgonjwa mahututi anachukuliwa kwa helikopta au boti, na kwa upepo ule boti ya nani itatoka?

JUMA: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Sikufanya kitu, Juma. Nilimwambia mwenye duka la mikate asubuhi. Kabla ya adhuhuri milango imegongwa mara tatu. Mzee mmoja kaleta vidonge aina hiyo hiyo, kavikata na mkasi kutoka kwenye pakiti yake. Mama mmoja kaleta vingine. Wa tatu hakuwa na vidonge, kaleta supu. Meli ilikuja usiku wa siku ya nne, saa nane. Nilishuka kuipokea. Watu wote wamesimama gatini na makoti, taa zinaonekana kwa mbali, inageuka, inarudi kinyumenyume, mlango wa nyuma unashuka, malori yanatoka, mengine yanaingia, vifurushi vinarushwa, dakika chache tu imeondoka. Alishuka pia mwalimu kijana na begi lake, wanafunzi wawili wakamkimbilia. Walimu nao wana mtihani wao: shule zinafunguliwa kati ya Septemba, wakati nyumba bado zimeshikwa na wageni wa likizo wanaolipa zaidi. Wengine wanahangaika kutafuta chumba wiki nzima.

JUMA: Na 28 Oktoba? Niliona picha ulizotuma.

MWANAIDI: Siku ya Hapana. Mwaka 1940 Italia ilitaka kuingiza jeshi lake Ugiriki, waziri mkuu wao, Metaxas, akakataa. Watoto wanapita na bendera, sare nyeupe na buluu, kijiji kizima kinapiga makofi. Kwa shule ndogo ile, gwaride linakwisha kabla hujatafuta simu yako. Bibi yeye huwa analia.

JUMA: Haya, zeituni. Ndicho kilichowapeleka.

MWANAIDI: Ndicho. Bibi ana miti thelathini na mmoja kwenye matuta ya juu ya Aegiali. Matuta yenyewe ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake mwaka 2018, wa Ugiriki na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Tunatandika nyavu chini ya mti, tunapanda na vitana vya plastiki vyenye mpini mrefu, tunachana matawi kama unavyochana nywele za mtoto: taratibu, usiumize kichipukizi, maana huyo ndiye wa mwakani. Za juu kabisa zinapigwa kwa fimbo. Zinaanguka, zinapiga wavu kama mvua. Bibi anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatoa majani. Vidole vyake vimekunjika kwa baridi yabisi, lakini jani halimpiti.

JUMA: Kisha kinuni.

MWANAIDI: Upesi. Zikikaa kwenye gunia siku nyingi zinapata joto, zinachacha, mafuta yanakuwa makali vibaya. Wanapima tindikali: mafuta ya daraja la kwanza kabisa hayatakiwi kuzidi asilimia 0.8. Kwa hiyo unavuna leo, kesho uko kinuni, unapanga foleni na magunia yako, hayaachwi peke yake. Mwaka huu mvua za mwaka jana zilikuwa haba, matunda madogo. Tulipata lita moja kwa kila kilo tano hivi. Yalipotoka kwenye bomba, mazito, kijani, walichoma mkate hapo hapo, wakaumwagia. Unawasha koo. Bibi akasema ukiwasha ndiyo mazuri.

JUMA: Na mkafunga na ile sikukuu ya monasteri.

MWANAIDI: Tarehe 21 Novemba. Monasteri yenyewe, nyumba ya watawa, inaitwa Hozoviotissa. Sijui niieleze vipi. Ni jengo jeupe lililobandikwa kwenye jabali, juu ya bahari, jembamba mno, linafuata mwamba. Mfalme Alexios Komnenos wa dola la Byzantium alilijenga upya mwaka 1088. Wanasimulia kwamba picha takatifu ya Mama Maria ilikuja yenyewe na mawimbi kutoka Mashariki. Watu wanapanda ngazi na wazee wao, wengine wamekuja kwa meli kutoka Athens kwa siku hiyo tu. Wako kwenye mfungo wa Krismasi tangu tarehe 15, lakini siku hiyo samaki anaruhusiwa, kila anayefika analishwa. Mimi nilijifunika mtandio wangu nikakaa na akina mama. Wengine wanapewa psimeni, yaani raki, pombe kali, iliyopikwa na asali na mdalasini. Mimi wakaniletea maji na kipande cha loukoumi, kitamutamu laini chenye sukari ya unga, bila kuniuliza kwa nini. Walikwisha kujua.

JUMA: Mkaondoka lini?

MWANAIDI: Siku iliyofuata, kwa kuwa utabiri ulionyesha upepo unarudi. Debe letu la mafuta likaachwa nyumbani, halikuingia kwenye teksi. Jirani akasema, usijali, litakuja na meli ijayo. Wakaandika jina la bibi kwa kalamu nene, jina la mtaa wetu hapa Athens, wakampa baharia.

JUMA: Limefika?

MWANAIDI: Jana asubuhi nilikwenda Piraeus. Lilikuwa limesimama peke yake kando ya mlango wa meli, kona moja imebonyea, na juu yake mtu kafunga tawi la mzeituni kwa uzi. Bibi kaliweka kwenye glasi ya maji dirishani.